Uso Hauchongwi kwa Lenzi

Upo uongo mmoja ulioenea miongoni mwa vijana wetu wanaojifunza kupiga picha, nao umekwisha kuwa kama kanuni ya dini. Uongo wenyewe ni huu: kwamba uzuri wa mwanamitindo katika picha hutoka kwenye lenzi, kwamba lenzi ya milimita 85 hunyoosha uso, lenzi ya milimita 135 huubana na kuutuliza, na lenzi pana ya milimita 24 hunenepesha pua, na kwamba, kwa hiyo, kijana asiye na lenzi ya bei kubwa asithubutu kumweka binti wa watu mbele ya kamera yake. Nimeusikia ukisemwa na wauzaji. Nimeusikia ukisemwa na mafundi. Na jambo linaloniudhi zaidi, nimeusikia ukifundishwa darasani na watu wanaoitwa walimu.

Katika kurasa hizi nataka kuupinga uongo huo bila kuuonea haya. Hoja yangu ni fupi na naitoa mapema ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta: kinachochonga uso wa mtu katika picha ni umbali kati ya kamera na mtu huyo. Lenzi kazi yake ni kukata tu. Huamua sehemu gani ya kile kinachoonekana iingie katika picha. Anayechagua lenzi kabla ya kuchagua mahali pa kusimama ni sawa na fundi cherehani anayekata kitambaa kabla ya kumpima mteja.

Msomaji aweza kuuliza: mzee aliyestaafu ualimu anahusika nini na wanamitindo? Nahusika kwa mambo mawili. Kwanza, kabla na baada ya kuwa mkuu wa shule nilifundisha fizikia, na katika chuo cha ualimu nilisimamia kikundi cha wanachuo wapiga picha waliokuwa na kamera moja, Yashica ya lenzi mbili, na chumba cha giza kilichokuwa stoo ya mafagio. Pili, kazi ya uanamitindo si jambo la mbali tena. Mashindano ya urembo yalirejeshwa Tanzania mwaka 1994, na mwaka 2007 Flaviana Matata aliingia katika kumi bora wa Miss Universe kule Mexico, kisha akafanya kazi ya mitindo Marekani. Tangu hapo kila mtaa una binti mrefu anayeambiwa na shoga zake, "Wewe ungefaa." Mabinti hao ni watoto wetu. Picha mbaya ikipigwa, anayeaibika si lenzi.

Sasa tuingie darasani. Tuchukue rula. Kutoka ncha ya pua hadi kwenye tundu la sikio, tuseme kwa hesabu rahisi kuna sentimita 12. Ukiiweka kamera sentimita 30 mbele ya pua, sikio litakuwa sentimita 42 kutoka kwenye kamera. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa, na kilicho mbali huonekana kidogo. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Gawanya 42 kwa 30, utapata 1.4. Maana yake, katika picha ile pua imekuzwa kwa asilimia 40 ikilinganishwa na sikio. Haya, rudi nyuma hadi mita 1: nyongeza ile inashuka kuwa asilimia 12. Rudi hadi mita 1 na nusu: asilimia 8. Mita 2: asilimia 6. Mita 3: asilimia 4.

Tazama vizuri hesabu hiyo, ndugu msomaji, uniambie ni wapi nilipoitaja lenzi. Sikuitaja popote. Nimetaja rula na hatua za miguu. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra na kufia Cairo, alieleza karibu miaka 1000 iliyopita kwamba nuru husafiri kwa mistari iliyonyooka, na kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu ikaingia machoni. Ukishaisimamisha kamera mahali pamoja, mistari ile imekwisha kupangwa. Hakuna kioo kilichosagwa Ujerumani au Japani kitakachozunguka nyuma ya pua kwenda kulivuta sikio mbele.

Asiyeniamini afanye jaribio, maana sayansi haitaki imani. Mweke mtu kwenye kiti. Simama mita 2 kutoka kwake, umpige picha kwa lenzi ya milimita 35. Bila kusogeza mguu, badili lenzi, umpige kwa milimita 135. Kisha chukua ile picha ya kwanza, ukate katikati yake sehemu yenye uso tu, uikuze ilingane na ya pili. Utaona pua ni ileile, masikio ni yaleyale, na mashavu hayakunenepa wala kukonda. Ile iliyokatwa itakuwa na chenga zaidi, basi. Jaribio hili halizidi dakika 10, na bado wapo watu waliofundisha upigaji picha miaka mingi bila kulifanya hata mara moja.

Uongo huu basi umetoka wapi? Umetoka kwenye uvivu wa miguu. Mwenye lenzi pana, akitaka uso ujaze picha, husogea mpaka akaribie kumgusa mtu, na pua huvimba. Mwenye lenzi ndefu analazimika kurudi nyuma, na uso hutulia. Wote wawili hutazama matokeo, wakaisifu lenzi au wakailaani, wakasahau kwamba wametembea. Desturi ya wazee wa kazi hii, ya kutumia lenzi ya milimita 85 hadi 105 kwa picha ya kichwa na mabega, ni desturi nzuri kabisa. Ila sababu inayotolewa siku hizi ndiyo ya uongo. Lenzi ya 85 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35 inapendeza kwa sababu, ili uupate urefu wa sentimita 70 kutoka kifuani hadi juu ya nywele, inakubidi usimame mita 1 na sentimita 65. Lenzi ya 105 inakupeleka mita 2. Sifa ni ya umbali, lakini inapewa kioo.

Huenda mtu akasema haya ni mabishano ya wataalamu, nani anajali? Mimi najali, na nitaeleza kwa nini.

Binti wa jirani yangu, mrefu, mwenye shingo na mwendo ambao hata sisi wazee tuliutambua, alitaka kupeleka picha zake kwa mawakala wa wanamitindo. Mawakala hao, kinyume na watu wengi wanavyodhani, hawataki mapambo mengi. Hutaka picha za kawaida katika mwanga wa kawaida: uso kwa mbele, uso kwa upande, na mwili mzima. Alikwenda kwenye studio moja mjini, ambayo jina lake halina haja hapa. Chumba kilikuwa kidogo, na mpiga picha akamsogelea na lenzi pana hadi pumzi zikakutana. Picha zilipotoka, binti alikuwa na pua kama ngumi na masikio yaliyokimbilia kisogoni. Alipouliza, aliambiwa kwamba uso wake "una matatizo," lakini kwa malipo ya ziada kompyuta itampunguza pua. Alirudi nyumbani akakaa siku tatu bila kutoka nje. Mama yake ndiye aliyemleta kwangu.

"Shikamoo babu," alisema, akitazama chini.

"Marahaba mjukuu wangu. Nionyeshe hizo picha."

Nilizitazama, nikamwambia asimame kwenye kibaraza, penye kivuli, ukuta wa chokaa uko mbele yake kumrudishia mwanga. Nikafungua kamba. Niliweka kamera yangu yenye lenzi ya kawaida ya milimita 50, ile ambayo vijana huidharau, kwenye fundo la mita 2. Nikapiga, nikakata picha nilipotaka, nikampa atazame. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Babu, huyu ni mimi?" Nikamjibu kwamba huyo ndiye yeye siku zote, yule mwingine alikuwa hesabu mbaya.

Msidhani binti huyu ni peke yake. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani, akiwamo mpasuaji Boris Paskhover, walichapisha hesabu yao katika jarida la tiba. Wagonjwa walikuwa wakija na picha walizojipiga wenyewe kwa simu, wakiomba wapasuliwe pua. Madaktari wakakokotoa kwamba picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30, ambapo kwenye mita 1 na nusu upotoshaji huo ni kama haupo. Fikiri maana yake. Mtu anapeleka nyama ya uso wake kwenye kisu kwa sababu mkono wake ni mfupi! Nasi tunaendelea kuwafundisha vijana kwamba suala ni lenzi gani wanunue.

Kuhusu ile kamba niliyoitaja, ni kamba ya katani tuliyoitumia chuoni. Ilikuwa na mafundo matatu: la kwanza mita 1 na nusu, la pili mita 2, la tatu mita 3. Mwanachuo hakuruhusiwa kuigusa kamera kabla hajanyoosha kamba kutoka kwenye kiti cha anayepigwa. Kichwa na mabega: fundo la kwanza au la pili. Kiuno kwenda juu: la pili. Mwili mzima: la tatu au zaidi. Yashica ile haikuwa na lenzi ya kubadili. Ilizaliwa na lenzi moja ya milimita 80 kwa filamu ya mraba ya sentimita 6, na haikuweza kuona vizuri kitu kilicho karibu sana kuliko kiasi cha mita 1. Wengine wangeita huo upungufu. Mimi naona ulikuwa ni adabu. Kamera yenyewe ilikataa kumsogelea mtu kupita kiasi.

Tena kamera za namna ile hushikwa kifuani au kiunoni, mpiga picha akitazama kwa juu. Kwa mwili mzima hapo ndipo mahali pake hasa. Leo kijana mrefu anaishika kamera mbele ya jicho lake, anamtazama binti kutoka juu, kichwa kinakuwa kikubwa na miguu mifupi. Kisha anadai lenzi yake haifai kwa mitindo. Piga goti, ndugu yangu! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na tusiseme hao wa zamani hawakufika mbali. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alifanya kazi kwa kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18, katika mwanga wa jua, pazia lake la kwanza la nyuma likiwa shuka la kitanda chake. Kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, aghalabu alimpiga mteja picha moja tu. Moja! Kwa hiyo ilimbidi kwanza amtazame mtu, amgeuze bega, ampange mikono, ajue asimame wapi. Watu wa Ulaya walipokuja kuziona picha zile miaka ya 1990 walishangaa, wakazitundika kwenye kumbi zao za sanaa. Wateja wake hawakuwa wanamitindo wa kulipwa. Walikuwa makarani, wafanyabiashara na mama wa nyumbani. Lakini hakuna gazeti la mitindo ambalo lisingejivunia heshima iliyomo katika picha zile. Nasi huku kwetu, Unguja, tunayo Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kizazi kizima cha Waswahili kilipendeza ukutani kabla ya mtu yeyote kumwambia kinahitaji lenzi ya namba fulani.

Hata Iman, yule Msomali ambaye uso wake ulienea duniani, alionekana kwanza kwa macho. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi Nairobi alipokutana na mpiga picha Peter Beard. Macho yalitangulia, lenzi ikafuata.

Sasa nisikilize pingamizi, maana mwalimu asiyejibu maswali si mwalimu.

Wapo watakaosema: "Mzee, basi unasema lenzi zote ni sawa?" La hasha. Nasema lenzi ni uamuzi wa tatu, nao wanaufanya kuwa wa kwanza. Uamuzi wa kwanza ni umbali, yaani unataka uso au mwili uonekane kwa mwono gani. Wa pili ni kiasi gani cha mtu kiingie katika picha. Ukishakuwa na hayo mawili, lenzi inajichagua yenyewe kwa hesabu ya darasa la saba. Kwenye kamera ya filamu ya milimita 35, au ya kisasa yenye kihisio cha ukubwa ule, picha ya mwili mzima, ukiacha nafasi kidogo juu na chini, inahitaji urefu wa mita 2 na sentimita 10. Kwa lenzi ya 50 utasimama karibu mita 3. Kwa 85, mita 5. Kwa 135, karibu mita 8. Kwa 200, karibu mita 12. Sasa pima chumba chako. Kama studio yako ina urefu wa mita 4 na binti amesimama nusu mita mbele ya ukuta, lenzi ya 85 uliyoikopea fedha haitakupa miguu yake hata ukijibana mlangoni. Ile ya 50 itakupa. Kwa hiyo mwenye chumba kidogo achague 50. Mwenye uwanja achague 85 au 135. Na anayepiga kichwa na mabega tu achague ile itakayomruhusu kusimama mita 1 na nusu hadi mita 2 bila kupoteza nafasi.

Kadhalika ajue kamera yake. Kamera nyingi za wanaoanza zina kihisio kidogo kuliko filamu ya zamani. Humo lenzi ya 50 hufanya kazi kama ya 75 au 80. Maana yake kijana mwenye kamera ya kawaida na lenzi ya 50 ya bei ya chini tayari ana lenzi ya uso anayoililia. Na mwenye kihisio kikubwa na lenzi hiyohiyo asisogee hadi mita 1 ili ajaze picha. Asimame mita 2, apige, kisha akate. Katika picha ya pikseli milioni 24 atabakiwa na karibu milioni 6, nazo zinatosha ukurasa mzima wa jarida. Mwenye simu pia asijidharau. Lenzi kuu ya simu ni pana. Basi arudi nyuma mita 2, atumie ile ya pili inayovuta kama ipo, au akate. Asinyooshe tu mkono.

Mwingine atasema: "Lakini wapo mabingwa waliotumia lenzi pana karibu na mwili." Ni kweli. Mwingereza Bill Brandt alipiga hivyo miili ya wanawake, akaitoa kitabuni mwaka 1961, na viungo vikaonekana kama mawe ya ufukweni. Lakini Brandt alijua anachofanya, na alikitaka. Anayepotosha kwa makusudi ni msanii, tukubali au tukatae sanaa yake. Anayepotosha bila kujua, kisha akamtoza binti fedha za kurekebisha, huyo ni wa kuitwa jina jingine.

Nakiri pia kwamba lenzi pana ina tabia moja iliyo yake: huvuta na kurefusha vitu vilivyo pembeni mwa picha. Kichwa kikiwekwa pembeni huwa kama boga, na mguu ukielekezwa pembeni hurefuka. Wa mitindo huitumia hila hiyo kurefusha miguu. Sawa. Lakini kanuni haibadiliki: jua unachofanya, na uso uweke katikati.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye sauti kubwa siku hizi, atasema: "Tunanunua lenzi hizi kwa ajili ya ule ukungu mzuri wa nyuma." Hapa napo pana ibada ya sanamu. Lenzi ya 85 ikifunguliwa tundu lake lote hadi 1.2, kwenye mita 1 na nusu, inaonyesha kwa ukali kina cha sentimita 2 hivi. Sentimita mbili! Jicho moja linaonekana, la pili tayari linaingia ukunguni kama uso umegeuka kidogo, na sikio limepotea. Ukungu huo unafaa mara mojamoja. Lakini mwanamitindo huajiriwa kuonyesha nini? Huajiriwa kuonyesha nguo. Mshonaji amekesha akipanga mshono, mfanyabiashara amelipa, nawe unaonyesha ubao wa jicho na kila kingine umekifanya moshi. Chukua kanga yetu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina lile ni maneno. Mwanamke huchagua kanga kwa maneno hayo kuliko hata kwa rangi. Ukimpiga picha aliyejitanda kanga na jina lisisomeke, umemkata ulimi. Funga tundu hadi 8, kina kinafika kama sentimita 15 kwa umbali uleule. Rudi nyuma kidogo, kinaongezeka tena. Na ukitaka nyuma pawe patulivu, msogeze mwanamitindo mbali na ukuta. Hilo ni bure.

Lipo pia jambo la adabu, nalo halimo katika vitabu vya fizikia. Umbali ni uhusiano. Mtu anayekusogelea hadi sentimita 40 bila udugu wala mapenzi anakutisha, na hofu huonekana machoni kabla haijaonekana mahali pengine. Mabinti wengi wameniambia kwamba katika studio hawakuogopa kamera, waliogopa pumzi za mtu. Kwa upande mwingine, anayesimama mita 12 na lenzi ya 200 hana budi kupiga kelele kama anayeita daladala: "Geuka! Cheka!" Naye anayepigwa anajiona yuko peke yake mbele ya mwindaji. Kati ya mita 1 na nusu na mita 3 watu wawili wanaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, kila mmoja na nafasi yake. Ni umbali ambao sisi hukaa na mgeni barazani. Sioni kuwa ni bahati tu kwamba umbali unaoutendea haki uso ni uleule unaomtendea haki mtu.

Mwisho ni suala la fedha, ambalo nimelishuhudia kwa uchungu. Nimemwona kijana aliyeuza pikipiki iliyokuwa ikilisha nyumba yake ili anunue lenzi moja, kwa kuwa aliambiwa bila hiyo hatapata kazi ya mitindo. Miezi sita baadaye lenzi ilikuwa sokoni, kwa bei ya kutupa, na pikipiki haikurudi. Picha alizopiga kwa lenzi ile hazikuwa bora kuliko zile za awali, kwa sababu alikuwa akisimama palepale alipokuwa akisimama zamani. Aliyemshauri hakupoteza hata senti.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu, hasa nyinyi mnaofundisha vijana kazi hii vyuoni na mitaani: acheni kuanza somo la kwanza kwa orodha ya lenzi. Anzeni kwa kamba ya mafundo matatu. Mwanafunzi apige uso mmoja kwa umbali wa nusu mita, mita 1 na nusu na mita 3, azikate picha zote tatu zilingane, azipange mezani mwenyewe aone. Akishaona kwa macho yake hataweza kudanganywa tena na muuzaji yeyote. Na nyinyi mabinti mnaokwenda kupigwa picha, mnayo haki ya kusema, "Kaka, rudi nyuma hatua mbili." Mkijibiwa kwamba lenzi hairuhusu, chukueni mkoba wenu mwondoke.